Msimamizi si Mrithi: Kutoka Kariokor Hadi Simu ya Baba

Baba alikufa Jumanne. Kufikia Jumatatu iliyofuata, simu yake ilikuwa imetoa pesa mara saba.

Siandiki hivi ili kumchoma mtu, soma kwanza hadi mwisho. Baba mdogo ndiye alikuwa na namba ya siri, kwa sababu ndiye alikuwa akitumwa kutoa pesa za dawa baba akiwa amelazwa. Alipokufa, baba mdogo aliendelea tu kutoa. Akalipa jeneza, akalipa hema na viti, akanunua mchele, akanunua ng'ombe. Hakuna mtu aliuliza. Kwetu Kakamega, ukiuliza mambo ya pesa mwili ukiwa bado mochari, wewe ndiye unaonekana mbaya.

Halafu kulikuwa na pesa zingine, za benki. Mama alienda huko akiwa na cheti cha kifo na kitambulisho chake, akaambiwa vizuri tu: leta hati ya usimamizi wa mirathi. Akarudi nyumbani, akawaambia wazee. Wazee wakasema tungoje makumbusho yapite. Makumbusho yakapita, wakasema tungoje Desemba watu wote wakija. Desemba ikaja, ikaenda. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Muhula uliofuata sikurudi.

Watu wengi hudhani niliacha chuo kwa sababu ya hizi video. Hapana. Niliacha kwa sababu pesa za baba zilikuwepo na hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuzigusa, na zile zilizoguswa hazikuwa na hesabu. Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua tu: ni nani alisema mtu akifa pesa zake zinafaa kufanyiwa nini? Nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Pesa za waliokufa vitani

Ukishuka Kariokor pale Nairobi, kwa wauza vyondo na nyama choma, unakanyaga jina la vita. Kariokor ni Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kwa njia hiyo hiyo. Kati ya 1914 na 1918, Waafrika kwa malaki walichukuliwa kubeba chakula na risasi za jeshi kule Tanganyika, na makumi ya maelfu wakafa. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa.

Sasa, hawa watu walikuwa na mshahara. Mdogo, lakini mshahara. Aliyekufa alikuwa anadai serikali, na deni hilo lilikuwa mali yake, kwa hivyo lilifaa kufika kwa mkewe, mamake au watoto wake. Shida ni kwamba majina yaliandikwa vile afisa alivyosikia. Mtu anaitwa hivi, karani anaandika vile. Kijiji hakijulikani vizuri, baba yake hajaandikwa. Vita ikaisha, pesa zikabaki kwenye vitabu vya serikali zikiitwa pesa zisizodaiwa.

Neno hilo "zisizodaiwa" linanikera. Mjane wa kijijini angedaije kitu ambacho hakujua kama kipo? Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, ni mmoja wa waliosukuma kwa miaka ili pesa hizo angalau zitumike kwa manufaa ya Waafrika. Serikali ya koloni na London zikabishana. Familia nyingi hazikuwahi kuona hata senti.

Nimeanza na Kariokor kwa sababu pale unaona jambo lote kwa ukubwa wake. Mtu amekufa. Pesa zake ziko mikononi mwa mwingine. Huyo mwingine ana kazi moja: kujua mali ni ngapi, kujua wenyewe ni kina nani, kuwafikishia, na kueleza alivyofanya. Serikali nzima, na makarani wake wote, ilishindwa na kazi hiyo. Usishangae basi kwamba baba mdogo na simu moja alishindwa.

Kabla ya karatasi kulikuwa na kikao

Lakini tusijidanganye kwamba Wazungu ndio walituletea wazo la kuhesabu mali ya marehemu. Kwa sisi Waluhya, baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa nywele. Watu huketi uwanjani kwa marehemu. Anayemdai marehemu anasimama anasema: nilimkopesha ng'ombe, hajanirudishia. Anayedaiwa na marehemu naye anasema. Wanaojua wanathibitisha, na mambo ya mali na ya mjane yanazungumzwa hapo hapo, mbele ya watu.

Kwa Wagikuyu kulikuwa na muramati. Mara nyingi alikuwa mwana mkubwa, akishika ardhi ya ukoo baada ya mzee kuondoka. Wengi leo wanadhani muramati alikuwa mwenye shamba. Alikuwa mlinzi wake. Alishika kwa niaba ya wengine, na wengine walimjua na waliweza kumuuliza. Kesi nyingi za ardhi ambazo zimeingia mahakamani Kenya zimetoka hapo hapo: mtu aliandikwa kwenye cheti cha shamba kama mlinzi, halafu watoto wake wakasema ni mwenyewe.

Na Pwani, karne nyingi kabla ya Mwingereza kuteremka Mombasa, Waislamu walikuwa na mpangilio ulionyooka. Kwanza gharama za maziko, pili madeni, tatu wosia usiozidi theluthi moja, halafu kinachobaki kinagawiwa warithi kwa mafungu yanayojulikana. Kadhi alikuwepo wa kuulizwa.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Kwenye vikao vingi mjane aliketi pembeni akizungumziwa kama sehemu ya mali, na binti hakuhesabiwa. Hilo ni kosa kubwa na halifai kurudi. Ninachosema ni kwamba hesabu ilisemwa kwa sauti, na kila mtu alisikia. Kuficha ng'ombe ni ngumu kijiji kizima kikiwa kimeketi.

Sheria iliyopitia Bombay

Waingereza walipochukua hii nchi, sheria nyingi walizitoa India, walikokuwa wametawala muda mrefu. Kwa mambo ya mirathi zilikuja Sheria ya Urithi ya India ya 1865 na ile ya usimamizi wa mali za marehemu ya 1881. Hiyo ya 1881 ilikuwa na kifungu ambacho nilipokisoma nilisimama kidogo: msimamizi alete mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita tangu apewe hati, na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Kumbuka hiyo miezi sita, tutakutana nayo tena.

Hizo sheria hazikuwa za kila mtu. Koloni ilikuwa na mlango wa Mzungu, mlango wa Mhindu, mlango wa Mwislamu na mlango wa Mwafrika. Mwafrika aliachiwa mila, mradi mila hiyo isipingane na kile Waingereza walichoita haki na maadili. Ni 1961, uhuru ukiwa mlangoni, ndipo ilitungwa sheria ya wosia za Waafrika, ikimpa Mwafrika wa kawaida njia ya kuandika wosia unaotambuliwa na serikali. Hiyo ni juzi. Shosho yangu alikuwa tayari ameolewa.

Baada ya uhuru, 1967, serikali iliunda tume ya kuchunguza sheria za urithi, mwenyekiti akiwa Humphrey Slade, Spika wa Bunge wa wakati huo. Tume ikatoa ripoti 1968, ikitaka sheria moja kwa Wakenya wote. Bunge likapitisha Sheria ya Urithi 1972. Halafu? Sheria ikalala. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, miaka tisa baadaye. Na 1990 Waislamu wakatolewa ndani yake baada ya kulalamika kwamba mirathi yao ina sheria yake, ndiyo maana hadi leo wao huenda kwa Kadhi.

Miezi miwili baada ya sheria kuanza, Septemba 1981, alikufa Mbiyu Koinange, mwanzilishi wa chuo cha walimu cha Githunguri na waziri aliyekaa karibu na Mzee Kenyatta kuliko wengi. Kesi ya mirathi yake ilikuwa bado inasikizwa karibu miaka 40 baadaye. Fikiria mtoto aliyezaliwa mwaka huo amekuwa mtu mzima, ameoa, ana watoto shuleni, na mali bado iko kwa hakimu. Matajiri wana mawakili, wanaweza kupigana hivyo. Sisi wa kawaida hatupigani mahakamani. Sisi hunyamaza tu, na kunyamaza nako hula miaka.

Kazi yenyewe ni gani

Sasa tushuke kwenye sheria yenyewe. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na mimi pia nilipotea.

Kama marehemu aliandika wosia akataja mtu, huyo ni msimamizi wa wosia. Kama hakuandika, mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Tofauti si jina tu. Wa wosia mamlaka yake yanatoka kwa marehemu mwenyewe, na hati ya mahakama inayathibitisha tangu siku ya kifo. Huyu mwingine hana mamlaka yoyote hadi siku anapopewa hati. Si mke, si mwana wa kwanza, si kaka. Hati.

Hii nchi ilifundishwa jambo hilo kwa uchungu. Wakili S.M. Otieno alikufa Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa zaidi ya miezi mitano, Kenya nzima ikifuata kesi. Moja ya hoja zilizomuangusha Wambui kwenye rufaa ni hiyo: kuwa mjane hakukumfanya kuwa msimamizi wa mali ya marehemu kabla ya kupata hati. Watu wengi wanakumbuka ile kesi kama vita vya mila na usasa, Mluo na Mkikuyu. Mimi nikiisoma naona pia karatasi ambayo haikuwepo.

Kifungu cha 83 ndicho kinataja kazi za msimamizi. Nitaziweka kwa lugha ya nyumbani.

Atalipia mazishi kutoka kwa mali ya marehemu, lakini mazishi ya kiasi. Ndiyo, sheria imesema kiasi. Wale wa hema tatu na ng'ombe wanne kwa mtu aliyeacha madeni, mmesikia.

Atakusanya mali yote, pamoja na madeni ambayo watu walikuwa wanadaiwa na marehemu. Atalipa gharama za kupata hati. Atatafuta madeni ya marehemu na kuyalipa yote kabla ya kugawa chochote. Ndani ya miezi sita tangu apate hati, atapeleka mahakamani orodha kamili ya mali na madeni, na hesabu ya kila alichofanya nayo. Ile miezi sita ya India, si nilikuambia? Halafu hati ikishathibitishwa, ana miezi sita mingine ya kumaliza kugawa, isipokuwa mahakama imuongezee.

Na kuna kingine ambacho hakuna mtu alituambia. Mtu yeyote mwenye haki kwenye hiyo mali anaweza kuomba mahakama imwamuru msimamizi alete hesabu. Yeyote. Binti aliyeolewa. Mtoto wa nje. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekosa karo.

Kuna pia mambo asiyoruhusiwa. Hawezi kuuza ardhi ya marehemu kabla hati haijathibitishwa. Akijiuzia mwenyewe mali ya marehemu, uuzaji huo unaweza kuvunjwa. Asipoleta hesabu, au akikaa mwaka mzima bila kuomba hati ithibitishwe, hati yenyewe inaweza kufutwa. Akipoteza mali kwa uzembe, anailipa yeye.

Kwa kifupi, msimamizi anashika kila kitu na si mwenye kitu. Anaweza pia kuwa mrithi, ndiyo, lakini fungu lake atalipata kama wengine, hesabu ikishafanywa.

Kifungu ambacho kijiji kizima kimevunja

Halafu kuna kifungu cha 45. Kinasema hakuna mtu anayeruhusiwa kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria au bila hati. Ukifanya hivyo ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hiyo elfu kumi mwaka 1981 ilikuwa pesa ya kutisha. Leo ni bei ya simu ya kawaida.

Walioandika kifungu hiki walikuwa wanafikiria mtu anayeingia usiku kuswaga ng'ombe wa jirani aliyekufa, au shemeji anayebomoa nyumba ya mjane kubeba mabati. Hawakuweza kufikiria Machi 2007, wakati M-Pesa ilianzishwa na akiba ya mtu ikahamia mfukoni, nyuma ya tarakimu nne ambazo ndugu yake anazijua. Zamani ng'ombe akitolewa boma kila mtu anamwona. Pesa ya simu inatoka kimya ukiwa umeketi kwenye matanga, sahani ya wali mkononi.

Kwa hivyo ndiyo, baba mdogo alivunja sheria. Lakini tuwe wakweli, ni nani hajaivunja? Familia ngapi zimetoa pesa za marehemu kununua jeneza lake? Nadhani ni nyingi sana, na wengi hawakuwa wezi. Walikuwa na mwili mochari na bili inayopanda kila siku.

Na sheria yenyewe inajua hivyo. Kifungu hicho hicho kinasema aliyeingilia mali atawajibika kwa msimamizi halali kwa kiasi alichochukua, baada ya kutoa malipo yaliyofanywa inavyofaa. Yaani risiti ya jeneza inahesabiwa. Mchele wa matanga, ukiwa wa kiasi, unaweza kuhesabiwa. Kinachobaki bila maelezo ndicho kinarudishwa. Sheria haikutaka kumwona baba mdogo kama jambazi. Ilimwambia tu: keti, tueleze.

Tumetoka kikaoni, hatujafika mahakamani

Hapa ndipo nimefika na kusoma kwangu, na unaweza kunipinga.

Shida yetu si kwamba hatuna sheria, wala si kwamba mila zetu hazikujua hesabu. Tuko katikati. Ile siku ya kunyoa siku hizi imekuwa ya mahubiri na kushukuru kamati. Ya madeni yanasemwa haraka haraka, ya simu na benki hayasemwi kabisa kwa sababu hayo ni "mambo ya familia". Mahakamani nako hatuendi kwa sababu kunaonekana ni mahali pa kushtakiana, pa watu wenye pesa. Basi mali ya marehemu imebaki bila macho ya kijiji na bila macho ya hakimu. Na mahali ambapo hakuna anayetazama, hata mtu mzuri hupotea.

Ndiyo maana mwaka 2011 Bunge lilitunga sheria nyingine, ya mali za kifedha zisizodaiwa. Benki, kampuni za simu na za bima zinapokaa muda mrefu na pesa ambazo mwenyewe haonekani, zinazipeleka kwa mamlaka ya serikali izitunze hadi wenyewe au warithi wajitokeze. Ni jambo zuri. Lakini umesikia hilo jina? Zisizodaiwa. Kariokor tena. Safari hii majina yameandikwa sawasawa, na namba ya kitambulisho iko. Ni sisi tu hatuulizi.

Na kuuliza tunakuchukulia kama tusi. Mama alipomuuliza baba mdogo, baada ya mwaka mzima, zile pesa za simu ziliendaje, alijibiwa: "Kwani shemeji unaniita mwizi?" Mama akanyamaza miaka mingine miwili. Hakujua kwamba sheria humpa mume au mke aliyebaki nafasi ya kwanza kuomba hati marehemu akifa bila wosia. Alikuwa akingoja ruhusa ya wazee kwa kitu ambacho tayari kilikuwa haki yake. Hakuna aliyemwambia kwamba hata chifu ana wajibu hapo: ukimwendea kama mtu mwenye haki kwenye mali, sheria inamtaka asaidie kuitambua na kuilinda, na awaelekeze wanaotaka kuwa wasimamizi kuhusu kazi zao. Sisi chifu tunamjua kwa ile barua ya kutaja warithi tu.

Mwishowe tulienda. Cheti cha kifo, barua ya chifu, fomu, mahakama ya hakimu. Hakimu Mkuu anaweza kusikiza mirathi isiyozidi shilingi 20,000,000, na yetu haikukaribia hata kidogo. Jina la baba likachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za mwenye pingamizi kusema. Nilipoliona pale nilikumbuka ile siku ya kunyoa. Ni kitu kile kile: anayemdai marehemu, ajitokeze aseme. Ila kimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye gazeti ambalo kijijini hakuna anayelisoma.

Hati ikatoka, jina la mama likiwa juu. Na kwa sababu sasa yeye ndiye atatakiwa kuapa kwamba hesabu ni kamili, ilibidi zile pesa za simu zijulikane.

Desemba iliyopita nikaenda kwa baba mdogo na daftari la kurasa 96. Sikuenda na maneno ya vifungu. Nilimwambia, "Baba, mama anatakiwa kupeleka hesabu kortini. Nisaidie niandike zile za matanga." Alikaa kimya muda. Halafu akaingia ndani akatoka na mkebe wa Kimbo. Ndani kulikuwa na risiti. Miaka yote hiyo alikuwa ameziweka.

Tukaketi chini ya mwembe tukaandika. Taarifa ya simu ilionyesha alitoa shilingi 143,000. Risiti zikafika 97,500. Zile 45,500 alijaribu kukumbuka: vijana waliochimba kaburi, gari la kwaya, mafuta ya jenereta, watu wa mbali aliowapa nauli. Zingine alisema tu, "Hiyo mwanangu sijui, nisikudanganye." Akasema hakuna mtu aliwahi kumuuliza vizuri. Walimwangalia tu vibaya.

Je, alikula kidogo? Labda. Sitajua. Lakini jioni hiyo mama alisomewa daftari lote, shangazi wakiwa hapo, na zile ambazo hazikujulikana zikaandikwa hivyo hivyo: hazijulikani. Mama akasema zile zisizojulikana hatadai, na shangazi wakakubali. Muhula wangu ulikuwa umeenda zamani. Dadangu mdogo ndiye amelipiwa karo sasa, kutoka benki.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii na kwenu kuna mtu alishika pesa za marehemu: usianze na wakili, na usianze na matusi. Nunua daftari. Uliza ni nani ana hati. Kama hakuna, kaombeni. Kama iko, uliza orodha iko wapi, miezi sita iliisha lini. Na kama wewe ndiye umeshika, tafuta mkebe leo uanze kuweka risiti, hata ya majani chai. Siku moja kuna mtoto atakuja kukuuliza, na ana haki.